Dume Aliyepita Mlangoni

Hotuba kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kwenye mkutano wao mkuu wa mwaka, Njombe

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu mlioamka usiku kukamua ili muwahi kikao hiki, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma: kamwene.

Ratiba inasema afisa mifugo mstaafu atazungumzia madume ya ushirika. Nitafika huko. Ila nawaomba mnivumilie, maana leo naanzia mbali, nchi ambayo ukitoka hapa unavuka Bahari ya Hindi yote na Australia nzima ndipo uifikie. Nataka kuwasimulia habari za farasi dume wa New Zealand, zama za wakoloni, waliokuwa wakitembezwa shamba hadi shamba kupandishwa. Humu ukumbini hakuna mwenye farasi, najua. Subirini kidogo mtaona kwa nini nimewaleta.

Nilipelekwa masomoni Lincoln, mkoa wa Canterbury, kisiwa cha kusini cha nchi ile. Julai yao ni kama yetu: unaamka, nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu, mikono inakufa ganzi ukishika ndoo. Jioni nilikuwa nakaa maktaba nikisoma magazeti ya zamani ya wilaya zile: Ashburton Guardian, Timaru Herald, The Press. Nilikuwa nikitafuta habari za kondoo. Lakini kila nilipofungua toleo la Septemba au Oktoba, liwe la miaka ya 1880 au la 1900, nilikutana na safu ndefu ya matangazo, moja chini ya jingine, na juu ya mengi kuna kapicha ka farasi dume. Farasi wote sura moja, maana mchapaji alikuwa na muhuri mmoja tu wa farasi na aliugonga kwa kila aliyelipa.

Mwanzoni nilikuwa nairuka ile safu. Usiku mmoja nikasoma tangazo moja hadi mwisho, kisha la pili, nikajikuta kondoo nimewasahau kabisa.

Tangazo lilianza na jina la farasi kwa herufi kubwa. Likafuata kabila lake, rangi yake na umri wake. Kisha nasaba: baba ni nani, babu ni nani, mama ni nani, na baba wa huyo mama ni nani. Zawadi alizoshinda kwenye maonyesho, mwaka gani na mji gani. Kisha njia atakayopita, siku kwa siku: Jumatatu anatoka Ashburton, analala Tinwald, Jumanne yuko Hinds, na kadhalika mpaka Jumamosi arudi nyumbani apumzike. Kisha ada yake, na lini ilipwe. Kisha onyo kwamba majike watakaoachwa malishoni watatunzwa kwa uangalifu wote lakini mwenye shamba hatawajibika wakipata ajali. Mwisho jina la mwenye dume.

Ndugu zangu, nilikuwa nimeshafanya kazi ya mifugo miaka kadhaa kabla ya safari ile. Nilikuwa nimegawa madume vijijini. Na sikuwahi hata siku moja kumweleza mfugaji mama wa dume niliyempelekea ni nani.

Acha niwaeleze wale farasi walifikaje kule, maana hawakuota ardhini. New Zealand haikuwa na farasi hata mmoja. Wa kwanza waliletwa Desemba 1814 na mmisionari Samuel Marsden, kwa meli iitwayo Active, wakashushwa Rangihoua, kaskazini kabisa ya nchi: dume mmoja na majike wawili. Wamaori, wenyeji wa nchi ile, waliosimama ufukweni hawakuwa wamewahi kuona mnyama wa ukubwa ule, wala mtu akiketi juu ya mgongo wake. Haikupita miaka mingi Wamaori wenyewe wakawa na farasi wengi, na waendeshaji hodari.

Canterbury ilikuwa ardhi ya Wangāi Tahu, kabila mojawapo la Wamaori. Mwaka 1848 serikali ya kikoloni ilifanya nao mkataba, unaitwa Mkataba wa Kemp, na kwa pauni 2,000 ikahesabu kwamba imenunua eneo kubwa kupita kiasi la kisiwa kile. Wenyeji waliahidiwa watengewe maeneo yao ya kutosha. Walichopewa kilikuwa vipande. Walidai haki yao kizazi baada ya kizazi, na sheria ya kulimaliza dai lile ilipitishwa mwaka 1998. Miaka mia moja na hamsini, ndugu zangu. Nalisema hili kwa sababu ukisoma yale matangazo ya farasi ungedhani tambarare ile ilikuwa ikiwasubiri walowezi tu, wazi, bila mtu. Sisi wa nyanda za juu hatuhitaji kufundishwa maana ya ardhi ya mtu kuitwa tupu. Ninachokisifu leo ni namna moja ya kutunza mbegu. Namna walivyoipata ardhi ya kuitunzia siisifu.

Meli nne za kwanza za walowezi wa Canterbury zilifika mwaka 1850. Miaka ishirini, thelathini baadaye ile tambarare kati ya mto Rakaia na mto Rangitata ikawa bahari ya ngano. Na ngano ile yote ililimwa kwa farasi. Plau ya mfuo mmoja, farasi wawili, mtu anatembea nyuma yake kutwa nzima, jioni amemaliza ekari moja. Wakaja na plau za mifuo miwili na mitatu, zikahitaji farasi wanne, watano, sita. Kuvuna ni farasi. Kupeleka magunia stesheni ni farasi. Mwaka 1911 walipohesabu, nchi nzima ilikuwa na farasi zaidi ya 400,000, na watu walikuwa milioni moja na kidogo tu. Kila watu wawili au watatu wana farasi mmoja, ukihesabu na watoto wachanga.

Farasi wa plau si farasi wa kupanda. Waliyemtaka zaidi ni kabila la Waskoti liitwalo Clydesdale. Sijui niwaelezeje ukubwa wake. Chukua fahali mzuri wa Friesian, mwinue juu, mpe miguu minene yenye manyoya marefu meupe yanayofunika kwato, mpe shingo kama gogo la mti. Dume aliyekomaa anakaribia kilo elfu moja, na kwato yake moja inajaa sahani ya wali. Kule Uskoti walikuwa wameanzisha chama cha kabila hili mwaka 1877 na daftari lao la nasaba, kila farasi na namba yake. Madume wawili wa zamani, Prince of Wales namba 673 na Darnley namba 222, walizaa wana walioenea duniani, na mfugaji wa Canterbury aliyeweza kuchapa jina la mmoja wao kwenye tangazo lake hakuliacha. Wengine walivuka bahari kwa meli za matanga, miezi mitatu wamesimama kwenye vyumba vya mbao vilivyowekewa magodoro pembeni wasiumie wimbi likipiga. Meli inafika bandari ya Lyttelton, dume anashuka, miguu inamtetemeka.

Sasa fikirini. Mtu amenunua dume Uskoti, amelipa meli, amelipa mtu wa kumlisha njiani. Nani mwingine wilayani anaweza? Wenye mashamba makubwa, watu wa namna ya John Grigg wa Longbeach aliyekausha kinamasi akakigeuza shamba. Lakini wilaya imejaa wakulima wadogo, mwenye ekari mia moja, mwenye hamsini, ana majike wawili wa plau na deni dukani. Huyo dume wa Uskoti atamwona wapi?

Atamwona mlangoni kwake. Hapo ndipo penye jambo langu la leo.

Majira yalianza Oktoba, kule ni machipuko, yakaenda mpaka Januari. Jike wa farasi anabeba mimba miezi kumi na moja, kwa hiyo aliyepandwa Novemba anazaa Oktoba ya mwaka unaofuata, nyasi zikiwa laini na jua limerudi. Kabla ya majira kuanza, miji ilikuwa na siku ya kuwapitisha madume barabarani, wote pamoja, wamepigwa brashi, singa zimesukwa kwa utepe. Wakulima wanasimama pande zote mbili wanawaangalia wanavyotembea. Mkulima mdogo na tajiri wanasimama bega kwa bega, wanaona dume yuleyule, miguu ileile.

Baada ya hapo kila dume anashika njia yake na saisi wake. Neno hili saisi wazee wa pwani wanalijua, mtunza farasi. Saisi anatangulia na farasi mdogo au kigari cha magurudumu mawili, dume anafuata kwa kamba, mwendo wa kutembea, shamba baada ya shamba. Wanalala kwenye hoteli ya kijiji yenye banda au kwa mkulima aliyepatana na mwenye dume. Miezi mitatu au minne njia ileile, na kila wiki siku ileile. Wakulima walijua: leo Jumatano, saa nne dume anapita.

Kwa nini kila wiki? Nyinyi mnaofuga ng'ombe jibu mnalo. Jike wa farasi hurudi kwenye joto kila baada ya siku ishirini na moja hivi, kama ng'ombe wako. Tofauti ni kwamba joto la ng'ombe linapita kwa saa chache, usipokuwa macho limekwenda, wakati la farasi linakaa siku tano, sita, hata saba. Kwa hiyo dume akipita kila wiki, jike yeyote mwenye joto atakutana naye. Na jike aliyezaa karibuni, joto lake la kwanza linakuja mapema mno, kama siku ya tisa baada ya kuzaa. Wakulima waliliandika hilo ukutani kwa chaki ili wasikose siku.

Sasa tazama dume anavyofika kwa mkulima mdogo. Saisi anafunga farasi wake mdogo kwenye mti. Mkulima anamtoa jike bandani, anamsimamisha upande mmoja wa ubao mnene uliopigiliwa mlalo kwenye nguzo mbili, kimo cha kifua cha farasi. Dume analetwa upande wa pili. Ubao ule umewekwa kwa sababu jike asiyetaka hana mzaha: masikio yanalala nyuma, anapiga ukelele, anageuka na kurusha mateke mawili kwa pamoja, na teke moja la gotini linaweza kumaliza dume wa thamani ya shamba zima. Akiwa na joto anatulia, anaegemea ubao, anainua mkia. Saisi anamwangalia hivyo dakika kadhaa, hana haraka. Ndipo anatolewa ubaoni, anafungwa mikanda miguu ya nyuma kwa usalama, na dume anaruhusiwa. Baadaye saisi anatoa kitabu mfukoni na kuandika kwa penseli: jina la mkulima, rangi ya jike, tarehe. Baada ya wiki tatu dume akipita, jike yule anarudishwa ubaoni. Akirusha mateke, mkulima anafurahi, maana dalili ya mimba ndiyo hiyo.

Dume mmoja aliweza kupanda majike themanini, hata mia kwa majira. Ada ilikuwa mara nyingi gini mbili au tatu. Gini moja ni shilingi ishirini na moja za enzi hizo, na kibarua wa shamba alilipwa kwa wiki kama pauni moja na chakula. Kwa hiyo si pesa ndogo. Lakini wengi walilipa mwisho wa majira, na wako wenye madume waliokubali kwamba jike asiposhika mimba ada haidaiwi au anarudishwa mwakani bure. Saisi naye alikuwa na shilingi zake chache kwa kila jike, na hapo kulikuwa na kishawishi: akibanwa na tamaa anampandisha dume mara nyingi kwa siku kuliko inavyofaa, mwishoni mbegu inakuwa dhaifu na majike wanarudi tupu. Mwenye dume makini alikikagua kitabu kila Jumamosi.

Na sasa ile kadi. Mbali na gazeti, mwenye dume alichapisha kadi ngumu, ya kukunja, inayoingia mfuko wa koti. Saisi aliigawa njiani. Nje picha ya dume, ndani nasaba mpaka mababu wa pande zote mbili, njia na siku zake, ada na masharti. Mkulima aliichomeka nyuma ya kioo au kwenye fremu ya dirisha la jikoni. Miaka mitatu baadaye akitaka kuuza farasi kijana aliyezaliwa, aliitoa kadi ile na kumwonyesha mnunuzi: baba yake huyu hapa. Bei ikabadilika palepale. Karatasi ya senti chache ikampa mnyonge sehemu ya thamani ya dume aliyevuka bahari miezi mitatu.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mambo hayakuwa safi. Safu ileile ya gazeti ilikuwa na madume wengi wabovu. Dume hana thamani sokoni, mwenye naye anaona asimhasi, anamtangaza kwa nusu ya ada ya wenzake. Na wakulima walimfuata! Mtu ana jike mzuri, anampeleka kwa dume mbovu ili aokoe pauni moja, kisha anafuga miaka mitatu farasi ambaye hataweza kuvuta plau. Kuna ubovu unaoonekana kwa macho na kuna unaojificha. Farasi anayekoroma akikimbia kwa sababu koo lake lina kasoro, akisimama huwezi kumjua. Mfupa unaoota juu ya kwato, au pembeni mwake, dume akiwa kijana haujaonekana bado. Mtoto wa jicho. Miguu ya nyuma inayotetemeka akirudishwa kinyumenyume. Mengi ya hayo yalidhaniwa kurithishwa, na dume mmoja mwenye majike themanini kwa mwaka, kwa miaka kumi, anaweza kuijaza wilaya nzima farasi wa kuchechemea. Jike mbovu anaharibu boma moja. Dume mbovu anaharibu tarafa.

Ndiyo maana wafugaji wenyewe walianza kudai ukaguzi. Jirani zao wa Victoria, Australia, walianza mapema karne ya 20 kuwapeleka madaktari wa mifugo wa serikali kukagua madume na kutoa vyeti. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1918: dume anayetembezwa kupandisha lazima awe na leseni, na magonjwa ya kumnyima leseni yakaorodheshwa, yale niliyowatajia na mengine. Wapo waliopinga wakisema dume ni mali yangu, serikali inaniingiliaje zizini. Mimi nimelifikiria swali hilo miaka mingi, na jibu langu halijabadilika. Jike ni wako. Maziwa yake ni yako. Dume ukimtoa nje ya geti lako akapande ng'ombe wa mwenzio, kasoro zake zimekuwa jambo la kijiji, na kijiji kina haki ya kuzijua kabla, kwa maandishi.

Kuna jambo jingine nililojifunza kwenye safu ile, na hili linanigusa sana. Miaka ya 1870 aliletwa Auckland dume wa mbio aitwaye Musket. Mwanzoni hakupewa heshima kubwa, walimtazamia awazalie farasi wa kuvuta magari. Alikufa mwaka 1885. Mwaka huohuo akazaliwa mwanawe mmoja, Carbine. Carbine alikimbia mbio 43 akashinda 33. Mwaka 1890 alishinda Kombe la Melbourne kati ya farasi 39, akiwa amebebeshwa kilo 66 mgongoni, mzigo ambao hakuna mshindi wa kombe lile aliyewahi kuubeba, si kabla yake wala baada yake. Kisha akanunuliwa Uingereza kuwa dume, akamzaa Spearmint aliyeshinda Derby, mbio kubwa za huko Uingereza, mwaka 1906. Thamani ya Musket ilijulikana yeye akiwa ameshazikwa. Ilijulikana kwa sababu moja tu: mtu aliandika nani amempanda nani. Bila daftari, Carbine angekuwa farasi hodari asiye na baba, na hakuna ambaye angejua aende kutafuta wapi damu ile.

Sasa nirudi nyumbani, na hapa nazungumzia kosa langu mwenyewe. Mwaka wa tatu wa kazi yangu nilipeleka dume chotara kwenye kijiji kimoja, sitakitaja, wenyewe wamo humu. Dume mzuri, mpole, watoto walikuwa wakimpanda mgongoni. Kila mtu alimpenda, na kwa sababu alipendwa akakaa miaka tisa. Miaka tisa! Hakukuwa na daftari. Kufika mwaka wa nne alikuwa akipanda mabinti zake, na kufika mwaka wa saba wajukuu zake. Mama mmoja mjane aliniita nikamkute ng'ombe wake amezaa ndama mwenye miguu ya mbele iliyokunjika, hawezi kusimama kunyonya. Akaniuliza, mwanangu, nimekosea wapi, pumba nampa, dawa nampa. Nikamuuliza ng'ombe huyu baba yake nani. Akaninyooshea kidole pale chini bondeni alipofungwa dume. Nikauliza na ndama huyu? Akanyoosha kidole palepale. Yule mama hakukosea chochote. Mimi ndiye niliyekuwa afisa wa kata ile, na kadi sikumpa.

Mtaniuliza, wale farasi wa Canterbury waliishia wapi. Vita ya 1914 ilichukua wengi. New Zealand ilipeleka vitani farasi zaidi ya 10,000, na waliorudi nyumbani ni wanne. Mmoja ni jike aitwaye Bess, amejengewa mnara. Baadaye likaja trekta, na mwaka hadi mwaka ile safu ya gazeti ikafupika mpaka ikatoweka. Na vita hiyohiyo ilileta farasi huku kwetu pia. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka toka Kilimanjaro kuwafukuza Wajerumani, na farasi wao wakafa barabarani kwa makundi, kwa ndorobo na kwa ile homa ya farasi inayoenezwa na usubi. Ndiyo sababu babu zetu hawakulima kwa farasi. Walilima kwa jembe la mkono na baadaye kwa maksai. Ardhi yetu ilimkataa farasi, lakini ng'ombe tunaye, na siku ishirini na moja ni zilezile.

Mtu atasema mambo ya dume yamepitwa, leo kuna uhimilishaji. Nakubali, na nauhimiza. Mbegu zinatoka kituo cha taifa Usa River, Arusha, za madume waliopimwa, na mtaalamu anakuja na pikipiki badala ya saisi na kamba. Lakini hebu niambieni. Ule mrija mwembamba anaoutumia mtaalamu umeandikwa pembeni jina la dume na namba yake. Ile ndiyo kadi yenyewe, imekuja mpaka zizini kwako. Inakwenda wapi akimaliza? Inatupwa kwenye samadi. Wangapi humu wanao hata mmoja nyumbani? Nyoosheni mikono. … Watatu. Asanteni nyinyi watatu.

Na huku milimani mtaalamu hafiki kila mahali, hasa mvua zikinyesha. Naitrojeni ya kutunzia mbegu inaisha, simu haishiki, joto la ng'ombe linapita. Kwa hiyo madume wa ushirika tutabaki nao, wote wanne. Ninachoomba kikao hiki kipitishe ni hiki.

Kila dume awe na kadi. Jina, umri, baba, mama, na mama alitoa lita ngapi kwa siku alipokuwa kwenye kilele. Kama hatujui, tuandike hatujui, kwa wino, watu waone pengo. Kasoro zake ziandikwe pia: kama ndama zake ni wakubwa mno na mitamba wanateseka kuzaa, iandikwe. Kadi ibandikwe kituo cha kukusanyia maziwa, mahali ambapo kila mtu anasimama asubuhi na ndoo yake. Mtunza dume awe na daftari, kila ng'ombe anayepandwa aandikwe siku hiyohiyo, na daftari likaguliwe kila mwezi. Damu ya dume ipimwe kwa ugonjwa wa kutupa mimba, na apimwe yale magonjwa yanayoenezwa kwa kupandana, kabla hajagusa ng'ombe wa mtu. Na akimaliza miaka miwili ahame kijiji, hata tukimpenda namna gani. Miaka miwili kwa sababu ukisubiri zaidi, mabinti zake wa kwanza wameshafika umri wa kupandwa naye.

Najua gharama itaulizwa. Kadi ni karatasi ngumu na kalamu. Vipimo ndivyo vyenye gharama, na nimemwomba Mwenyekiti vikatwe kwenye ada ya kupandisha, hata ada ikipanda kidogo. Mkulima wa Hinds mwenye deni dukani alilipa gini tatu kwa dume aliyemjua. Mama mwenye ng'ombe mmoja hapa Njombe akijua anacholipia atalipa, nimewaona wakilipia vitu vya hovyo zaidi ya hivyo.

Kadi ya kwanza nimeianza mwenyewe jana usiku, ya yule dume mweusi mwenye baka jeupe usoni. Nawasomea. Umri: miaka mitano. Baba: dume wa uhimilishaji, namba tunayo, mzee aliyemfuga alipewa mrija alipomnunua akautunza, Mungu ambariki. Miaka kijijini alipo: miwili na miezi minne, kwa hiyo anahama mwezi huu. Kasoro: kwato ya nyuma ya kushoto inakua upande, inahitaji kukatwa mara kwa mara. Mama: hapa pako wazi. Dume huyu alinunuliwa mnadani akiwa ndama, na muuzaji alikuwa mtu wa kupita.

Kesho saa mbili asubuhi atakuwa kwenye kibanio karibu na josho, daktari atamtoa damu mbele ya watu wote, karibuni mwone. Na kama yupo yeyote humu anayemjua ng'ombe aliyemzaa, alikuwa wa nani na alikuwa anatoa lita ngapi, anione hapa mezani kabla hajaondoka. Kalamu ninayo.